Basi Gani?

4 Mei

Kwako dada wa mume wangu,

Sikuiti wifi. Neno hilo nimelivua na nimeliweka kando, nitalivaa siku nikitaka mwenyewe. Namba yako nimeifunga. Simu ya kaka yako ninayo mimi mfukoni, kwa hiyo huko pia usijisumbue. Ukiwa na la kusema andika barua, posta bado ipo. Sauti yako sitaki kuisikia.

Kaka yako ametoka hospitali juzi. Wamemtia chuma kwenye nyonga, na mguu wa kushoto umefungwa plasta kutoka kisigino mpaka gotini. Tulimtoa kwenye gari tukiwa watu wanne. Mwanamume aliyezoea kuamrisha kiwanda kizima cha matofali, analia mbele ya watoto wake huku akinikataza nisimwangalie! Miwani yake ilisagika hukohuko kwenye mawe yenu, hata gazeti hasomi. Asubuhi namwosha, naenda kufua mashuka ya hoteli ya watu, narudi namwosha tena, nafua na mashuka yake.

Pale kazini shuka linakunjwa na watu wawili, mwenzangu ana pembe zake na mimi nina zangu. Nikiachia bila kumwambia, shuka linaburuta sakafuni na tunarudia kulifua. Shuka tu hilo! Sasa nieleze wewe, mtu mzima, akili zako timamu. Ulikuwa umeshika kamba, na mwisho wa ile kamba alikuwepo mume wangu. Uliachiaje?

Nimemuuliza yeye. Amesema, "Nilimwambia anishushe, akaniachia." Kisha akageukia ukutani.

Tena najua mlikuwa mmegombana asubuhi hiyo. Alikuja huko kukurudisha nyumbani, wewe ukamjia juu. Mchana wake yuko chini, nyonga imepasuka. Nami sikuzaliwa jana.

Mpaka uniambie kwa nini uliachia, hapa hutakanyaga. Usije na matunda, usije na machozi. Watoto wakiuliza Shangazi yuko wapi, nawaambia ana kazi nyingi. Wakiendelea kuuliza nitawaambia ukweli.

Mke wa kaka yako


12 Mei

Wifi,

Wewe umelivua, mimi sijalivua.

Nitajibu kwa kifupi kwa sababu kuandika siku hizi kumekuwa kazi. Ndiyo, niliachia. Nililisema palepale chini ya jabali, nikamwambia daktari, nikakwambia na wewe kwenye korido ya hospitali ukanisukuma nikagonga kiti. Sijamsingizia mtu yeyote. Ila ukiniandikia kwamba tuligombana asubuhi, halafu ukaniachia nafasi nijaze mwenyewe, hapo umenivunjia heshima. Sema wazi. Unadhani nilimwangusha kaka yangu kusudi? Kaka yangu wa tumbo moja? Kama ndivyo, andika kwa wino, utie na sahihi.

Kwa nini niliachia, hilo ni baina yangu na yeye. Amelala pale hajiwezi, na mimi sitamtangazia aibu akiwa kitandani. Muulize vizuri.

Nataka kumwona. Nitakuja nikae kibarazani tu, hata usinikaribishe maji. Mwekee mto katikati ya magoti akilalia ubavu, la sivyo hatapata usingizi. Tangu utoto hajui kulala chali.

Dada wa mume wako


19 Mei

Kwako wewe unayejibu kwa kifupi,

Umeandika kwa mguu? Wewe mwenye mwandiko wa kupamba, uliyeandika kibao cha saluni yako kwa mkono wako mwenyewe mpaka watu wakadhani umekodi fundi, leo unaniletea michoro ya kuku? Mistari inapanda inashuka, herufi nyingine zimekatika katikati. Au ndiyo dharau yenyewe hiyo, unaniandikia huku unasuka kichwa cha mteja? Nimeikunja barua yako nikaitia chini ya mguu wa meza unaoyumba.

Mto nimeweka. Amelala. Usidhani nakushukuru.

Nimemuuliza vizuri kama ulivyotaka. Kasema, "Nimeshasema." Yeye anasema kasema, wewe unasema nimuulize yeye, mimi nimekaa katikati kama mpira. Mnanizunguka! Ninyi ndugu wawili mna mlango wenu wa nyuma tangu nilipoolewa, mnaingia na kutoka, mimi nabaki sebuleni nashika vikombe.

Hebu nieleze jambo moja kwanza. Jabali limekukosea nini? Mwanamke wa miaka arobaini na ushee, umeachana na mumeo, una saluni inayokwenda, unavaa viatu vya kubana vidole unakwea mawe kama nyani. Kaka yako alikuja kukuambia uache upuuzi huo urudi nyumbani. Na wewe ukamwambia nini? Watu wamenieleza. Ulimwambia, "Panda mara moja tu, ndiyo uniite mpumbavu." Ulimchokoza! Unamjua alivyo, mtu akimwambia hawezi anavua koti palepale.

Nieleze mambo hayo yanavyokwenda, hatua kwa hatua, nione ni wapi mtu anaachia.

Kichwa changu nimesukwa na yule binti wa jirani. Amenivuta mpaka nyusi zimepanda, naonekana nashangaa kutwa nzima. Na hilo nalo nakuwekea wewe.

Mke wa kaka yako


28 Mei

Wifi,

Ulitaka hatua kwa hatua. Chukua.

Miaka yote nimesimama nyuma ya vichwa vya watu. Nikitoka saluni nilikuwa nakwenda nyumbani kusimama mbele ya mwanamume niliyekuwa naye, nawe unajua alivyokuwa. Nilipotoka kwake, mteja mmoja akaniambia, "Wewe una vidole, twende Jumapili nikuonyeshe kitu." Nikaenda nikicheka. Siku ya kwanza nililiparamia lile jabali kwa mikono, nikajivuta kwa nguvu zote, nikaishiwa pumzi kabla sijafika popote. Kocha, yule mwalimu mstaafu wa michezo mwenye kofia ya kufuma, akaniambia, "Mikono ni ya kujishikilia tu. Kinachopanda ni miguu. Tazama unapokanyaga." Nikatazama. Palikuwa na tuta dogo la jiwe, halizidi upana wa kidole gumba. Nikalisimamia. Likanibeba. Wifi, nilisimama pale nikalia kwa hasira, maana kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilikuwa nimepanda kitu bila kuulizwa nimeruhusiwa na nani. Ndicho jabali lilichonikosea.

Sasa kamba. Anayepanda anavaa mkanda wa kiunoni na mapajani, anafunga kamba kwa fundo la nane, na mwenzake anamkagua kabla hajaacha ardhi. Kamba inapanda mpaka kwenye pete ya chuma juu ya jabali, inarudi chini kwa mwenzake, inapita kwenye kifaa cha breki kilichofungwa kiunoni mwake. Anayepanda akiteleza, breki inauma kamba, ananing'inia tu. Mkono wa chini wa yule mshikaji hautoki kwenye kamba. Hauendi kukuna pua wala kufukuza nzi.

Na kwa kuwa upepo unavuma na mko mbali, mnasemeshana kwa maneno manne tu. "Kaza", nivute kamba isilegee. "Legeza", nipe kidogo. "Nishushe", niteremshe kwa kamba. "Niachie", nimefika juu, nimesimama vizuri, fungua breki, nitashuka kwa njia ya nyuma. Maana juu ya jabali letu pana uwanda, na nyuma yake kuna njia ya miguu hata mbuzi wanapita. Mtu anaweza kushuka kwa kamba, au anaweza kutembea. Mshikaji hawezi kukisia, anangoja neno.

Kocha alimwambia kaka ayarudie yale maneno. Kaka akacheka. Akasema, "Mzee, mimi si mtoto wa chekechea." Hakuyarudia.

Nami hapo ndipo nilipotakiwa kuikunja kamba yangu na kurudi nyumbani. Ukinilaumu kwa hilo nitainama.

Sasa muulize. Usimuulize alitaka nini. Muulize alisema neno gani.

Msusi


3 Juni

DADA,

NAANDIKA BILA MIWANI, HERUFI KUBWA ZISIKUSHANGAZE. NASIKIA UNAMWANDIKIA MKE WANGU MAMBO YA MANENO MANNE. ACHA. NILIANGUKA, NIMELALA, NITAPONA. NILICHOSEMA KULE JUU NAKIJUA MIMI.

SALUNI FUNGA. VYOMBO VYAKO LETA HAPA, CHUMBA CHA NYUMA KIPO. NIKISIMAMA NITAKUJA KUKUCHUKUA MWENYEWE. KWA SASA USIANDIKE TENA.

BASI.

KAKA YAKO


9 Juni

Kaka,

Umeliandika! Nilikuwa nimeapa sitalitaja, nimejiuma ulimi mbele ya daktari, mbele ya Kocha, mbele ya mkeo aliyeniita muuaji kwa adabu zote, na wewe umekaa kitandani ukaliandika kwa mkono wako. Tena peke yake kwenye mstari wake.

Basi.

Unakumbuka tulipohamisha kabati la mama? Wewe ulikuwa juu ya ngazi, mimi chini nimelibeba kwa mgongo. Ukasema basi, nikaachia. Nilipokuwa nakusukuma kwenye baiskeli yako mpya, ambayo mimi sikuruhusiwa kuipanda, ulisema basi, nikaachia. Nikiwa na neno mdomoni mezani, ukisema basi nalimeza na ugali wake. Uliposema, "Msichana amesoma vya kutosha, basi," nikaachia shule, na mwalimu mkuu alikuja mpaka mlangoni kuniombea! Nilipokuja kwako na jicho limevimba nikakwambia yule mwanamume simtaki tena, ulisema nini? "Utavumilia. Basi." Nikarudi kwake kaka. Nikarudi kwake na begi langu.

Tangu nizaliwe hujawahi kuniuliza swali hata moja. Wewe unaniambia.

Siku ile ulipanda vizuri, sikufichi. Ulipanda kwa hasira na kwa mabega, lakini ulipanda. Nikaona mkono wako umeshika ukingo wa juu. Nikajua umefika. Upepo ukavuma, halafu nikasikia sauti ileile ya kabati na baiskeli na meza ya chakula. "Basi!" Sikufikiri. Mikono yangu ilikusikia kabla yangu mimi. Kaka amesema basi, mtu anaachia. Nikafungua breki.

Na wewe ukajilaza nyuma kwenye hewa tupu kama mtu anayekaa kwenye kiti chake cha sebuleni. Hukuangalia chini. Hukungoja. Ulijua tu kwamba nipo, nimekushika, maana siku zote nipo.

Hukusema "nishushe". Ungesema "nishushe" leo ungekuwa kiwandani unafokea watu. Na ukamwambia mkeo ulisema "nishushe"! Umenifanya mhalifu ndani ya nyumba yako, watoto wananiulizia wanadanganywa, ili neno lako tu libaki safi. Mimi nilikosea, nami nimebeba langu hadharani tangu siku ile ile. La kwako umelilalia.

Saluni sifungi. Chumba cha nyuma weka magunia.

Sitaki unilipe wala unipigie magoti. Nataka useme ulichosema, mbele ya mkeo. Ukilisema nitakuja kukuona. Usipolisema sitakuja, hata mkifungua milango yote.

Dada yako


20 Juni

Kwako Msusi,

Wifi bado nalifikiria.

Barua yako kwa kaka yako nimeisoma mimi. Usinune, hana miwani, ningefanyaje? Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikaanza kumsomea kwa sauti, nikidhani unamwomba msamaha, nikajiweka sawa nifurahi. Nilipofika kwenye kabati akasema, "Wacha." Sikuacha. Nilipofika kwenye jicho lililovimba akasema tena, "Nimesema wacha, mama!" Nikaongeza sauti. Nimesoma mpaka sahihi. Nilipoinua macho alikuwa amejifunika shuka mpaka kichwani, nami nikamwacha na joto lake.

Lakini sikukuamini. Usijidanganye. Nilijiambia, huyu ana mdomo, anajua kupanga maneno kama anavyopanga nywele. Siwezi kuamini kwamba mtu mzima anafungua breki kwa sababu ya neno moja la kipuuzi. Kwa hiyo Jumapili nikaaga nakwenda kazini, nikapanda gari nikaja kwenye jabali lako. Hukuwepo. Kocha wako alikuwepo na kofia yake ya kufuma. Nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia nataka kuona uongo wenu kwa macho yangu.

Hakubishana. Akanivalisha ule mkanda juu ya suruali ya mwanangu niliyokuja nayo, akafunga fundo, akalikagua, akaniambia nimkague na yeye. Akanitajia yale maneno manne, nikayarudia yote, kwa kiburi, nikijua mimi si mumeo wangu asiyerudia. (Nimeandika mumeo wangu. Ona mnavyonivuruga.)

Nikapanda. Nilishika jiwe kama linataka kunikimbia. Kocha akawa anasema, "Miguu, mama. Mikono inakuchosha bure, tazama miguu." Nikatazama miguu, na nikitazama miguu naona na chini! Loo! Hata hivyo nikasogea. Kuna mahali niliweka ncha ya kidole cha mguu kwenye kijiufa, nikajiinua, nikajisikia mwepesi kabisa, na nikakuelewa kidogo, na kukuelewa huko kukaniudhi. Halafu mguu wa kulia ukaanza kutetemeka kama mashine yetu ya kukamulia nguo ikipakiwa upande mmoja. Siwezi kupanda, siwezi kushuka. Vidole vinafunguka vyenyewe. Na unajua nilichopiga kelele?

"Basi! Basi jamani, basi!"

Kocha hakusogea. Kamba haikusogea. Akaniuliza kutoka chini, taratibu kabisa, "Basi gani, mama? Hapa si stendi."

Wale vijana wake wakaangua kicheko. Damu ikanipanda, nikamtukana Kocha tusi ambalo sitaliandika. Akaniambia, "Nimekusikia. Sasa nikukaze, nikulegeze, nikushushe au nikuachie?" Nikapasua koo, "NISHUSHE!" Akanishusha polepole mpaka nikakaa kwenye majani na suruali ya mwanangu imechanika.

Nilikaa pale nikalia, na sikuwa nalia woga. Nimelia kwa sababu lile neno limetoka kinywani mwangu. Mimi nilikuwa na yale maneno manne kichwani, nimeyarudia kwa kiburi, na bado lililotoka ni la mume wangu. Analisema kwangu kutwa. Juu ya nauli, juu ya shule za watoto, juu ya mama yangu akitaka kuja kukaa. Nami siulizi basi gani. Naachia kila kitu.

Halafu Kocha akaniuliza, "Mikono yake inaendeleaje?"

Nikamwambia, "Mikono ya nani?"

Akaniangalia kama mtu anayeona mjinga. Akanieleza kwamba ulipomwona kaka yako anaanguka ulidaka ile kamba mikono mitupu. Kwamba hukuiachia mpaka ikasimama. Kwamba alianguka kwa nyonga na siyo kwa kichwa kwa sababu hiyo tu. Kwamba ngozi ya viganja vyako ilibaki kwenye kamba, na ile kamba ameitupa.

Wewe mwanamke! Una wazimu? Ulisimama mbele yangu kwenye ile korido na mikono imefungwa ndani ya mtandio, mimi nikadhani unajikunyata kwa aibu, nikakusukuma! Nimekutukana mwandiko! Barua yako nimeitia chini ya mguu wa meza! Umeniacha niwe mtu mbaya miezi yote hii na hukunipa hata taarifa. Nina hasira nawe kuliko nilizokuwa nazo mwezi wa tano, na sijui hata nizielekeze wapi.

Andika haraka. Kwa mguu, kwa mdomo, sijali.

Mke wa kaka yako


27 Juni

Wifi,

Ningekwambia, ungenihurumia. Sikutaka huruma ya mtu aliyenifikiria muuaji. Nilitaka kwanza uache kunifikiria hivyo, ndipo unihurumie kama una nafasi.

Viganja vimeziba. Vidole vya kulia vinakunja nusu, vya kushoto vinasuasua. Saluni binti yangu wa kazi anasuka, mimi naelekeza kwa mdomo, na wateja wangu wa zamani wamehamia ng'ambo ya barabara kwa msusi mwingine, naye anavuta nywele. Daktari anasema vitarudi kama nikivizoesha. Navizoesha kwa kukuandikia.

Umeniambia ulimtukana Kocha. Mimi siku ya kwanza nilimtupia kiatu.

Nimefurahi umepanda. Lakini usiniite kwa sababu ya mikono. Nilichomwandikia kaka kiko palepale. Hajanijibu, na wewe kujua ukweli si sawa na yeye kuusema. Alilisema lile neno kwa sauti jabali zima likasikia. Alirudie kwa sauti.

Msusi


6 Julai

Wifi,

Nimelivaa. Usiseme chochote.

Daktari aliagiza kaka yako aanze kukalia kiti. Jana nikakivuta kiti kando ya kitanda, nikapitisha shuka chini ya kwapa zake, nikasimama nyuma yake, nikamwinua. Mzito huyu mtu! Kitanda kimekwisha, kiti hakijafika, yuko hewani mikononi mwangu, mguu wa plasta umenyooka mbele. Akasema, "Basi!"

Wifi, nakuapia, mikono yangu ilianza kuachia. Niliisikia ikiachia. Sikuwa nimefikiri lolote. Nikaikaza tena, mgongo ukalia, nikamwambia, "Basi gani?"

"Basi, nimesema!"

"Hapa si stendi," nikamwambia. "Nikukaze, nikulegeze, nikushushe au nikuachie? Ukinijibu basi tutasimama hivi mpaka watoto wakue."

Alinifokea. Alinitaja mimi, akakutaja wewe, akawataja mama zetu wote. Jasho lilimtoka likaloweka shuka. Watoto wakaja mlangoni, nikawaambia wabaki wasikie. Nami nimeuma meno, najiambia siachii, siachii hata kama tutaanguka wote wawili. Nilikuwa na hasira ya miaka yote ya ndoa, wifi, na ndiyo iliyomshikilia. Nguvu sina.

Mwishowe akafuta jasho kwa bega. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Nishushe."

Nikamshusha polepole mpaka akakaa.

Niliwatoa watoto, nikaanika shuka, nikarudi, bado amekaa vilevile anatazama mikono yake. Miwani mpya ilikuja asubuhi, akaivaa. Akaniambia nimletee barua zako zote. Nikainua meza nikaitoa na ile ya chini ya mguu. Amezisoma peke yake mpaka giza likaingia, na ile yenye mwandiko mbaya kuliko zote ameishika muda mrefu. Halafu akaomba kalamu. Nimemwambia aandike hapahapa chini, maana siwezi kununua stempu mbili kwa ajili ya jeuri yake.

Kichwa changu nimekifumua chote. Kiko timutimu, kazini wananikimbia, na hakuna mwingine atakayekigusa mpaka vidole vyako vikunje. Nitangoja. Ila bado nina hasira nawe kwa kunificha, na tutagombana ukifika, kwa hiyo jiandae.

Wifi yako


Dada,

Nilisema basi. Sikusema nishushe. Nimewaambia mke wangu na watoto.

Mikono yako inaendeleaje?

Kaka